Nyumba salama za Mara: Desemba NGO inamuokoa binti, Januari anakuwa wa nani?

mwalimu_wa_bonde (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu sitamlaumu.

Kila ikikaribia Desemba huku kwetu Mara mitandaoni zinaanza kelele mbili kuhusu ukeketaji. Kelele ya kwanza ni ya watu wa NGO, wanatupia picha za wasichana wamevaa tisheti za mradi wanapiga makofi. Ya pili ni ya watu wa mjini, hao wanasema NGO zote majizi zinakula hela za wazungu kwa mgongo wa watoto wetu. Mimi nafundisha shule ya msingi wilaya ya Serengeti, hili jambo nimekaa nalo miaka, na naona pande zote mbili zinakwepa swali lenyewe. Mashirika yanafanya kazi, mengine kazi kubwa kwelikweli, ila kazi hiyo inafika mahali inakatika na ikikatika binti ndio anabaki anaelea.

Kwa asiyejua: Wakurya wana koo nyingi, Wairegi, Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wakira na wengine, kila koo ina wazee wake wa mila na hao ndio wanatangaza kama mwaka huu kuna tohara au hakuna. Mara nyingi inaangukia miaka ya shufwa, mwezi wa kumi na mbili shule zikishafungwa, wavulana na wasichana msimu mmoja. Ngariba analipwa kwa kila kichwa na sehemu ya hela inaenda kwa wazee, kwahiyo anayekwambia ni mila tupu anakuficha biashara iliyomo ndani. Binti akishakeketwa anahesabika mtu mzima na ng'ombe wanaanza kuulizwa, hapo yupo la sita au la saba. Akikataa anaitwa msagane, yaani msichana asiyekeketwa, na hilo neno huku sio utani, analisikia kisimani, analisikia kwa shangazi zake, wakati mwingine hata darasani kwa wenzake na mimi nikiwa nimesimama hapo na chaki.

Ndio maana zikaja nyumba salama. Tarime kuna kituo cha Masanga, huku Mugumu na Butiama kuna za Hope for Girls and Women ya mama Rhobi Samwelly ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti na amelisema hilo hadharani mara nyingi. Hawa wanafanya vitu ambavyo serikali peke yake isingefanya. Wana watu wao vijijini wenye simu, binti akipenyeza habari tu basi dawati la jinsia la polisi linapigiwa na gari inatoka usiku huohuo. Vijiji vingi vya huku kwenye ramani ya simu vilikuwa havipo kabisa, unaona weupe tu, mpaka wakajitokeza watu wa kujitolea wa Crowd2Map wakaanza kuvichora kwenye OpenStreetMap, barabara, mito, mashule, ili dereva usiku wa manane ajue pa kukata kona. Mtu anayesema NGO hazifanyi kitu aje alale huku wiki moja ya Desemba.

Sasa Januari. Shule zinafunguliwa, wanaitwa wazazi, anakuja afisa ustawi wa jamii, anakuja askari wa dawati, mzazi anasaini kwamba hatamkeketa wala kumuoza. Wengi wanarudi nyumbani na wengi wao wanabaki salama, nisiseme uongo. Lakini kuna ambao baba kagoma kusaini, na kuna ambao baba kasaini vizuri kabisa halafu kafika nyumbani kasema haya umeenda kwa mama zako wa NGO basi wakakununulie na sare. Hapigwi, hakeketwi, anasuswa tu. Daftari hapewi, mchango wa chakula haulipwi, kufika mwezi wa tatu hayupo darasani tena na mimi sina wa kumuuliza kwa sababu kwenye karatasi zote yule ni mtoto aliyeokolewa na kuunganishwa na familia.

Naomba tujadili hilo. Matusi kwa kabila langu sitaki, nitawaomba mods wafute.

Matata_Mbezi

Mwalimu umeandika vizuri ila umewaonea huruma sana hawa jamaa. Mimi nimefanya kazi ya kuendesha gari za kukodi, nimewabeba sana. Semina ya kupinga ukeketaji inafanyikia Dodoma hotelini, wanaohudhuria ni walewale, asubuhi chai na sambusa, mchana bufee, jioni posho. Hakuna Mkurya hata mmoja mle ndani labda mlinzi. Nikawa najiuliza hiyo hela ya siku tatu ingesomesha mabinti wangapi. Na magari yao ni yaleyale ya vioo vyeusi.

karani_wa_miradi

@Matata_Mbezi hayo uliyoyaona ni ya kweli wala sibishi, ila nikupe upande wa pili maana mimi nimekaa upande wa vitabu vya hesabu kwenye mashirika kama haya (sitaji).

Hela ya mfadhili haiji kama mshahara wako useme mwezi huu nale wali mwezi ujao nijenge. Inakuja imeshakatwa vipande kwenye bajeti, kipande cha uokoaji, kipande cha mafunzo, kipande cha uhamasishaji. Kipande cha mafunzo ndio hiyo hoteli yako ya Dodoma. Mkurugenzi hata akililia sare za watoto arobaini hawezi kuzinunua na hela ya mafunzo, mkaguzi atamla nyama. Anaweza kuandika barua kuomba abadilishiwe, jibu linakuja mradi umebaki mwezi mmoja.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Binti anayekimbilia nyumba salama yupo la tano, tuseme ana miaka 11. Mpaka amalize kidato cha nne ni miaka sita au saba. Miradi mingi ni ya miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Sasa niambie huyu binti atamalizia kwenye mradi wa nani? Na mfadhili akija kupima anapima idadi: mmeokoa wangapi msimu huu. Hakuna anayekuja kuuliza wale wa msimu wa nyuma wapo form ngapi. Kinachopimwa ndicho kinachofanyika, ndio maana ripoti zina Desemba nyingi kuliko Januari.

Yapo mashirika yaliyojipanga tofauti. CAMFED kwa mfano, walianzia Zimbabwe 1993 na wasichana 32, Tanzania wapo tangu 2005, kwao hela inamfuata msichana mwaka hadi mwaka, na waliosomeshwa wanarudi mashuleni kuwalea wadogo zao. Siwapigii debe, nao wana mapungufu yao, lakini ule mfumo unahesabu mtoto amemaliza au hajamaliza.

Na wanaosema hakuna anayewakagua, kanuni zipo. Tangu 2018 shirika likipata zaidi ya milioni 20 linatakiwa litangaze kwa umma na mkataba ufike kwa msajili. Kama shirika la wilayani kwako hujawahi kuona tangazo lao waulize, ni haki yako.

Chacha_wa_Nyamwaga

Mimi Mkurya, mtoto wa kiume wa boma, nimesoma hadi hapa kimyakimya.

Kwanza niseme kitu kitakachowaudhi watu wa NGO. Mlipokuja miaka ile mlikuja na mikutano ya kuwakusanya wazee wa mila, mkawapa posho, mkapiga nao picha, wakasaini tamko la kuacha ukeketaji. Wakarudi. Mwaka mwingine likaja shirika jingine, wazee walewale, posho nyingine, tamko jingine. Wazee wetu sio wajinga, waligundua kwamba kuacha ukeketaji kunalipa na kukeketa kunalipa, wakafanya vyote viwili. Huko mmewafundisha wenyewe.

Pili. Mnapokuja na gari la polisi usiku na kumchukua mtoto, kwa sisi wanaume wa huku lile boma limevuliwa nguo. Sisemi msimchukue, wembe ukishanolewa mchukueni. Nasema baada ya hapo mnamtuma afisa ustawi kijana wa miaka 25 kuja kumsainisha mzee wa miaka 60 mbele ya wake zake halafu mnategemea huyo mzee anunue madaftari. Atasaini kwa sababu anaogopa jela tu. Yule mtoto anakuwa amehamishwa kutoka kwenye hesabu ya baba.

Mimi binti zangu hawajakeketwa, wawili, mmoja yupo chuo. Hakuna NGO iliyokuja kwangu. Kilichonisaidia ni kwamba ndugu zangu wawili walifanya hivyo kabla yangu na mabinti zao wakaolewa vizuri tu kwa ng'ombe wa kutosha, tena na Wakurya. Baba yangu alipoona ng'ombe wameingia akanyamaza. Hiyo ndio lugha. Mkitaka kusaidia tafuteni wazee ambao mabinti zao hawakukeketwa na wameolewa kwa heshima, wawe wao ndio wanaenda kumrudisha mtoto Januari, wakae na baba yake, wanywe, wabishane, waelewane. Askari akae mbali kidogo.

Matata_Mbezi

Chacha hapo kwenye posho za wazee nimecheka kwa sauti, abiria wananishangaa.

binti_wa_Ikungi

Samahani naingilia, naona kila siku ni Mara Mara Mara. Takwimu za wanawake waliokeketwa kwenye utafiti wa afya wa 2015/16, Manyara ilikuwa asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32, na kwetu Singida 31. Mara inajulikana kwa sababu wao wanafanya kwa ngoma na maandamano barabarani, kamera inapata picha. Kwetu hakuna ngoma. Kwetu anakeketwa kichanga.

Watu wanasema mtoto ana lawalawa, yaani ule muwasho na uchafu wa sehemu za siri, na dawa yake eti ni kukata. Bibi anafanya nyumbani, wiki chache baada ya kuzaliwa, mtoto analia siku mbili basi. Sasa niambieni nyumba salama itamsaidiaje mtoto wa wiki tatu, atakimbiaje? Atampigia nani simu? Na jinsi sheria inavyokazwa ndio umri unavyozidi kushuka maana kichanga hasemi kitu.

Kitaifa namba imeshuka, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, ikawa 10, utafiti wa 2022 ikawa 8, na nafurahi. Lakini nimewahi kukaa kikao na shirika moja limekuja na mradi ulioandikwa kwa ajili ya Tarime, wamebadilisha jina la mkoa tu, wanatuuliza msimu wa ukeketaji ni mwezi gani. Tukatazamana. Kinachotakiwa Singida ni muuguzi wa kliniki, yule anayempima mtoto uzito kila mwezi, amuelimishe mama kwamba lawalawa ni maambukizi yanatibika kwa usafi na dawa, na bibi awepo hapo kliniki asikie mwenyewe. Hiyo haina picha nzuri ya kutuma kwa mfadhili najua.

Kijana_Kehancha

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili, mimi ni Mkuria wa Kenya, Kuria West. Chacha umenena, sisi ni watu wamoja na huo mpaka ni wa serikali.

Huku sheria ilikuja 2011 na ni kali, kuanzia miaka mitatu jela ama faini isiyopungua laki mbili za Kenya, na hata kumvusha msichana akakatwe nchi ingine ni kosa. Matokeo yake nini? Chifu akikaza huku wanavuka kuja kwenu, polisi wenu wakikaza wanavuka kuja huku. Mwaka 2020 wakati wa corona shule zimefungwa miezi mingi, wasichana walitembezwa barabarani mchana wakitoka kukatwa, watu wanaimba, na machifu wanaangalia tu.

Kuhusu hiyo Januari yenu, huku pia imetusumbua. Huko Narok mama Agnes Pareyio alitembea miaka na miguu yake vijijini akiwa na umbo la mbao la mwili wa mwanamke akifundisha, halafu 2002 akafungua kituo cha Tasaru. Yeye hakuishia kumficha msichana, anamsomesha na wakati huohuo anapatanisha na wazazi, na inaweza kuchukua miaka. Na kule Enoosaen shule ya Kakenya Ntaiya, mzazi anakubali kabla mtoto hajapokewa kwamba hatakatwa wala kuozwa. Mimi nafikiri hiyo ni akili, makubaliano yanafanyika mlangoni wakati mzazi anataka kitu. Nyinyi mnamsainisha mzazi wakati ana hasira na hakuna anachopata.

mama_Zawadi_Kimara

Jamani naombeni msaada wenu, sijui kama ni mahali pake. Nina dada wa kazi anatokea Tarime, miaka 16. Juzi amepigiwa simu na baba yake kwamba bibi yake anaumwa sana arudi mwanzoni mwa Desemba, na nauli watatuma. Amekuwa hali vizuri tangu siku hiyo. Jana usiku ndio ameniambia bibi yake huyo alishafariki. Nimechanganyikiwa, nikimkatalia wataniambia nimemteka mtoto wa watu, nikimruhusu ndio hivyo.

mwalimu_wa_bonde

@mama_Zawadi_Kimara usimruhusu dada yangu. Hiyo ya bibi mgonjwa tunaijua huku, kuna ya harusi ya kaka pia na ya kwenda kugawana shamba. Piga 116, ni namba ya kusaidia watoto, bure mtandao wowote, wanaoiendesha ni C-Sema kwa niaba ya serikali, hiyo nayo ni NGO kwa wale wanaouliza zinafanya nini. Halafu nenda naye mwenyewe kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto hapo kwenu, aeleze kwa mdomo wake, iandikwe. Ukishakuwa na hilo hakuna wa kusema umemteka. Usimwambie baba yake chochote kwenye simu kwa sasa.

wakili_wa_kata

Nakazia alichosema mwalimu, na niongeze la sheria maana naona linazunguka uzi mzima bila kutajwa.

Ukeketaji ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Adhabu iliyowekwa ni miaka 5 hadi 15 au faini isiyozidi laki tatu au vyote pamoja. Soma tena hiyo faini halafu kumbuka bei ya ng'ombe. Na inamlinda mtoto wa chini ya miaka 18 tu, akifika 18 mahari inasubiri, familia inasema mtu mzima karidhia. Mahakamani kesi nyingi zinakufa kwa sababu shahidi mkuu ni mtoto na mshtakiwa ni baba au mama yake, na shahidi huyo anakula na kulala kwa nani?

Ndoa sasa. Sheria ya ndoa ya 1971 kifungu cha 13 inaruhusu msichana aolewe na miaka 15, mvulana 18. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative akaenda Mahakama Kuu, 2016 akashinda, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu hivyo vinakiuka katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Mwaka ukapita Bunge halijarekebisha. Kwahiyo hapo unaona NGO ndogo ya mabinti imefanya kazi ambayo wabunge mamia hawakuifanya, na unaona pia inakoishia nguvu yake, maana NGO haipigi kura bungeni.

Sasa sikilizeni hapa. 2016 hiyohiyo sheria ya elimu ilirekebishwa, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Thelathini! Weka hizo mbili pamoja. Binti wa miaka 15 akiwa kwenye rejista ya shule, anayemuoa anaenda miaka 30. Binti huyohuyo jina likifutwa kwa utoro, ile ngao ya sheria ya elimu imemtoka na anabaki na ile ya 1971 inayosema baba akiridhia sawa. Kinachomlinda kuliko vyote ni jina lake kuwepo kwenye rejista ya mwalimu. Ndio maana Januari ya mleta uzi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Sare, daftari na mchango wa chakula vinavyoonekana vitu vidogo vya huruma ndio vinalishikilia lile jina pale.

mwalimu_wa_bonde

Wakili umenisemea. Na wanaojua hilo vizuri kuliko wote ni wazazi wenyewe. Kuna mzee aliniambia uso kwa uso, mwalimu we mfute tu kwa utoro sisi hatutalalamika. Nilijua anachotaka. Nikamwandika mtoro mwezi mzima lakini jina sikulifuta, mratibu wa elimu kata akanihoji kwa nini mahudhurio yangu mabaya, nikamwambia njoo tuwafuate wote nyumbani kwao. Hakuja. Ila nao wana mashule mengi na pikipiki haina mafuta, simlaumu sana.

aliyerudi_shule

Mimi naomba nitoe ya kwangu kwa ufupi maana nyie wote mnaongea juu yetu.

Sikukeketwa, mimi ni wa Pwani, kwangu ilikuwa mimba nikiwa form two. Ilikuwa ile miaka ya baada ya tamko la Rais Magufuli la Juni 2017 kwamba mwenye mimba harudi shule. Nilikaa nyumbani nauza vitumbua. Kilichonitoa ni chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo vya zamani vya miaka ya 70, kulikuwa na programu ya Elimu Haina Mwisho inayosimamiwa na shirika linaitwa Karibu Tanzania. Unasoma sekondari kwa njia ya haraka na ufundi juu yake, mimi nilichukua ushonaji, na unakuja na mtoto wako, kuna chekechea palepale chuoni. Nasisitiza chekechea. Ningeambiwa njoo usome bure ila mtoto mwachie mama nisingeenda, mama yangu ndio alikuwa anauza sokoni asubuhi mpaka jioni.

Novemba 2021 serikali ikatoa waraka tukaruhusiwa kurudi shule za kawaida. Vizuri. Lakini shule ya kawaida haina chekechea. Nawajua wenzangu waliorudi wakaacha tena ndani ya muhula, na hakuna aliyewahesabu kwa sababu wameruhusiwa, kwahiyo tatizo limeisha eti. Shirika lililofikiria mtoto wangu atakaa wapi saa mbili asubuhi lilinisaidia kuliko matamko yote ya pande zote.

Matata_Mbezi

@aliyerudi_shule hongera dada, hiyo ya chekechea inaingia akilini.

Ila bado hamjanijibu. Kama kazi ya Januari ni ya sare na mchango wa chakula basi hiyo ni kazi ya halmashauri, mnang'ang'ania NGO za nini? Tarime kuna mgodi wa North Mara, halmashauri inakusanya ushuru wa huduma pale, na kuna hela ya CSR, yaani ya mgodi kusaidia jamii, juu yake kwa mujibu wa sheria ya madini. Wilaya yenye dhahabu mnasubiri mzungu wa Ulaya anunue godoro la nyumba salama? Na mzungu mwenyewe si mmeona Januari 2025, Trump kasaini karatasi misaada imesimama siku 90, watu wakaamka asubuhi ofisi hazina hela.

karani_wa_miradi

Matata leo umeniacha hoi, hilo ndilo la kwanza ulilosema nakubaliana nalo mia kwa mia. Ile Januari 2025 niliishuhudia, watu wamefunga hesabu za mwaka vizuri, wametengeneza mpango, barua inakuja simamisha kila kitu. Magodoro yapo, wapishi hawapo.

Chacha_wa_Nyamwaga

Hela ya mgodi ikija inajenga madarasa na zahanati, hayo siyakatai. Lakini diwani hawezi kusimama kwenye baraza akasema tutenge fungu la mabinti waliokataa kukeketwa. Kura anapigiwa na akina baba wa hao mabinti na wazee wa mila ndio wanasema mpeni huyu. Nilishamuuliza mmoja, rafiki yangu wa utotoni, akanijibu Chacha unataka nirudi kulima? NGO haina jimbo ndio maana inathubutu. Sasa ukiniuliza mimi, fungu hilo lisiitwe la ukeketaji. Liitwe bweni la wasichana. Jengeni mabweni kwenye sekondari za kata na shule za msingi za huku mbali, kila mzazi atalipenda maana mtoto hatembei kilometa nyingi, na Desemba libaki wazi na mlezi awepo. Diwani atalizindua kwa ngoma.

mwalimu_wa_bonde

Desemba bweni libaki wazi. Chacha hapo umegusa penyewe. Mabweni machache yaliyopo huku yanafungwa siku ileile shule inapofungwa, funguo anapewa mlinzi, watoto wote lori moja kurudi kwao wiki hiyohiyo ngariba anaponoa wembe. Nitalipeleka kwenye kikao cha kamati ya shule na kwa hawa watu wa nyumba salama pia, maana wao wana walezi waliozoea na sisi tuna jengo.

Kijana_Kehancha

Na mtuambie huku tarehe zenu za kufunga shule, tafadhali. Mkifunga nyinyi na sisi tumefunga mpaka unajaa magari.

mama_Zawadi_Kimara

Narudi kwa ufupi. Nilipiga 116 wakanisikiliza vizuri wakanielekeza kama mwalimu alivyosema. Leo asubuhi tumeenda dawati, askari wa kike, amekaa naye peke yake karibu saa nzima mimi nimekaa nje kwenye benchi. Wameandika, na ustawi wa jamii wa manispaa watakuja nyumbani wiki hii. Halafu yule askari akaniita pembeni akaniuliza, na huyu binti wa miaka 16 mbona hayupo shule? Nikakosa jibu. Aliishia la saba, matokeo yake sijawahi hata kuyauliza. Kuna mtu anajua huku Kimara au Ubungo wanaochukua wa namna hiyo, hata jioni, nipo tayari kulipa?

aliyerudi_shule

Nimekutumia ujumbe pm. Andaa cheti chake cha kuzaliwa kama anacho, kama hana anza na hicho kwanza maana foleni yake sio ya leo.